Pampu ya besimenti: maswali yanayoulizwa kila mvua zikianza Ohio

Ukurasa huu ni wa ndugu zangu wa Afrika Mashariki na Kongo walionunua nyumba hapa Columbus, na wale wa Indiana, Iowa, Minnesota na kwingineko ambako nyumba huchimbiwa chumba chini ya ardhi, yaani besimenti. Maswali ni yale ninayopigiwa simu kuulizwa, mengi yao usiku. Sina kampuni. Ni fundi bomba niliyejifunza kazi Tanga nikaanza upya huku, na besimenti yangu mwenyewe ilishanitia adabu. Vipimo nimeviacha kwa inchi, futi na galoni kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa kwenye maboksi dukani.

Kwa nini nyumba za huku zinachimbwa chini, kama maji ni taabu hivi?

Ni kwa sababu ya baridi. Udongo ukiganda huvimba na kuinua chochote kilichokaa juu yake, kwa hiyo kitako cha msingi lazima kishuke chini ya kina cha kuganda. Ohio ya kati ni karibu futi 3. Kaskazini mwa Minnesota hufika futi 5. Mjenzi akishachimba kiasi hicho, anaona heri aongeze kidogo apate chumba kizima.

Sasa hapo unakuwa na beseni la zege lililofukiwa. Udongo wa huku mwingi ni mfinyanzi ulioachwa na barafu ya zama za kale, haunywi maji haraka. Ule uliorudishiwa kando ya ukuta baada ya ujenzi haukushindiliwa kama wa asili, kwa hiyo maji huufuata kama mfereji, yanasimama ukutani na kutafuta ufa. Mara nyingi hupenyea pale ukuta unapokutana na sakafu. Mbaya zaidi ni Machi na Aprili, theluji inapoyeyuka huku mvua inanyesha juu ya ardhi iliyokwisha kushiba.

Pampu hii inafanyaje kazi?

Kwenye sakafu kunakuwa na shimo lililowekewa pipa la plastiki, kwa kawaida upana wa inchi 18 na kina cha inchi 24 hadi 30. Maji ya chini ya nyumba huingia humo, ama yenyewe kupitia kokoto, ama kwa bomba lenye matundu lililozungushwa kando ya msingi. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, swichi inawaka, pampu inayasukuma nje kwa bomba la PVC la inchi moja na nusu. Yakishuka, boya linashuka na pampu inazima. Juu ya pampu kuna vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo yale yaliyobaki bombani yangeanguka tena shimoni kila ikizima.

Ni hilo tu. Ukiwahi kuona boya la tenki la maji juu ya paa nyumbani, umeshaelewa nusu ya mtambo.

Nimeona maji besimenti. Ninunue pampu leo hii?

Subiri kwanza. Toka nje mvua ikinyesha, na mwavuli wako, uzunguke nyumba. Nusu ya watu waliowahi kuniita hawakuhitaji kuvunja sakafu. Walihitaji kupanda ngazi na kuzoa majani kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa.

Hesabu yake ni hii: mvua ya inchi moja ikinyesha kwenye paa la futi za mraba 1,000 inaleta zaidi ya galoni 600. Kama gata imeziba, au bomba lake la kushukia linamwaga pale pale miguuni pa ukuta, galoni zote hizo unazinywesha msingi wako. Nunua vipande vya kurefusha bomba, maji yatoke futi 6 hadi 10 mbali na nyumba. Halafu tazama ardhi yenyewe. Kanuni za ujenzi zinataka ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Nyumba nyingi za zamani zimefanya kinyume: udongo umetitia, na maua ya mama yamezungushiwa matofali yanayoyafungia maji kama jaluba la mpunga.

Rekebisha hayo, ungoje mvua mbili tatu kubwa. Maji yakikoma, umeokoa fedha. Yakiendelea kuja, hasa kama yanachimbuka sakafuni hata siku mbili baada ya mvua kukatika, hayo ni maji ya ardhini. Hapo pampu ndiyo dawa.

Nyumba yangu tayari ina shimo lenye mfuniko uliofungwa kwa bolti. Si ndilo hilo?

Angalia vizuri kabla ya kulifungua. Kama mfuniko umezibwa kabisa na mabomba mawili yanatoka juu, moja likienda kupumua paani, huenda hilo ni shimo la maji taka: la choo na bafu la besimenti. Pampu yake ni nyingine, inasukuma na uchafu mzima, na bomba lake la kutolea huwa nene zaidi, mara nyingi inchi 2. Usielekeze maji ya mvua humo. Kuna kijana mmoja alilifungua mbele ya wageni wa mahari, sitaongeza neno.

Ninunue ya nguvu gani?

Dukani utakuta theluthi moja ya hospawa, nusu, na robo tatu. Watu wetu hukimbilia kubwa, kama tunavyonunua sufuria. Lakini pampu kubwa kwenye shimo dogo humaliza maji kwa sekunde chache, inazima, inawaka tena, na kuwaka huko mara kwa mara ndiko kunakoua mota. Nyumba ya kawaida mara nyingi inatosheka na theluthi moja.

Kama shimo lipo, usikisie, pima. Siku ya mvua kubwa, chomoa pampu, weka rula shimoni, tazama saa. Katika shimo la upana wa inchi 18, kila inchi moja ya kina ni kama galoni 1.1. Maji yakipanda inchi 10 kwa dakika, yanaingia galoni 11 kwa dakika, yaani 660 kwa saa. Zidisha mara mbili upate akiba. Kisha soma jedwali lililo kwenye boksi, na usisome ile namba kubwa ya mbele: ile ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Tafuta mstari wa futi 10, maana hicho ndicho kimo ambacho besimenti nyingi hupandisha maji, ukihesabu na kona za bomba.

Usisahau kuchomeka tena.

Ninunue pampu ya kuzama au ile yenye mota juu ya nguzo, nje ya maji?

Ya kuzama, isipokuwa shimo lako ni jembamba mno. Haina kelele nyingi na maji yenyewe huipoza. Chagua yenye mwili wa chuma, si plastiki tupu. Kuhusu boya: lile la kuning'inia kwa waya linahitaji nafasi ya kuyumba, na kwenye shimo finyu hunasa ukutani. Kwa shimo dogo chukua boya linalopanda na kushuka wima kwenye kijiti chake. Pampu nyingi nilizoitwa kuzitazama hazikuwa zimekufa, boya ndilo lilikuwa limenasa.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kubadilisha pampu kuukuu kwenye shimo lililopo, ndiyo, ni kazi ya asubuhi moja. Kuchimba shimo jipya ni habari nyingine. Inawezekana, ila uwe na mgongo mzima na ndugu wawili wasiokimbia. Ulizia kwanza manispaa kama unahitaji kibali. Miji mingi inataka, hasa kwa upande wa umeme. Na kabla ya kuchimba mfereji nje, piga 811 siku chache mapema. Watakuja bure kuweka alama mahali zinapopita nyaya na mabomba ya gesi.

Chagua pembe ambako maji hutokea kwanza, lakini usibane ukuta. Kitako cha msingi hutokeza ndani ya nyumba kikiwa kimefichwa chini ya sakafu, na ukichimba ubavuni mwake unakitoa ardhi inayokishikilia. Acha angalau futi moja, zaidi kama nafasi ipo. Chora duara linalozidi pipa kwa inchi 3 kila upande. Sakafu huwa na unene wa inchi 4 hivi. Kodi nyundo ya umeme, usijaribu kwa mtarimbo. Vaa barakoa ya vumbi ya kweli, si ya kitambaa: vumbi la zege linaharibu mapafu, nalo halitoki.

Kisha udongo. Hakuna anayekuonya kuhusu udongo. Shimo la upana wa futi 2 na kina kinachokaribia futi 3 lilinitolea ndoo 17 za galoni tano, mbichi, nzito, na kila moja ilipanda ngazi mkononi. Ndoo ya kumi na mbili mke wangu aliuliza kama bado nadhani fundi wa dola elfu na kitu alikuwa ghali. Nilinyamaza nikachukua ya kumi na tatu.

Chini mwaga kokoto zilizooshwa, kama inchi 4 hadi 6. Kama pipa lako halina matundu, toboa ubavuni, na ulizungushie kitambaa cha kuchujia ili tope lisiingie. Litumbukize, mdomo wake ulingane na sakafu, jaza kokoto pembeni, halafu rudishia zege juu. Pampu isikae juu ya kokoto tupu. Iweke kwenye tofali pana au kwenye kitako cha pipa chenyewe, isimame sawasawa, na boya lisiguse kitu.

Bomba sasa. Safisha mwisho wa PVC, paka ile dawa ya zambarau, kisha gundi, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika. Vali ifungwe kwa mpira na vibanio vya skrubu, usiigundishe, maana siku moja utaitoa. Mshale ulio juu yake uangalie juu, kule maji yanakoenda. Kati ya pampu na vali toboa tundu dogo la inchi moja ya nane, likielekea chini shimoni. Mafundi wengi wa haraka huliruka. Bila tundu hilo hewa inaweza kunasa chini ya vali, pampu ikazunguka ikiwa imejaa hewa, haivuti kitu. Ikiwa inafanya kazi utaona kijimkondo kikiruka kutoka hapo. Wengi hunipigia wakidhani bomba limepasuka, liache.

Maji niyamwage wapi?

Yaende mbali na nyumba yako, yasielekee kwa jirani. Bomba litoke ukutani likiwa limezibwa vizuri pembeni, lishuke kwa mteremko, limwage angalau futi 10 kutoka msingini mahali ambapo ardhi inateremka kuondoka. Ukimwaga karibu, maji hurudi chini, pampu inayatoa tena, na hivyo hivyo usiku kucha: unalipia umeme kuyazungusha maji yale yale.

Usiunganishe na bomba la maji taka la mji. Miji mingi imepiga marufuku na inatoza faini, kwa sababu mvua kubwa ikija mitambo yao huelemewa na maji taka hurudi kwenye besimenti za watu, ikiwemo yako. Na kama nyumba yako ina tanki la septiki, huko ndiko kabisa usipeleke.

Mtego wa pili ni baridi. Bomba la nje likibaki na maji ndani, Januari linaganda, na pampu inasukuma dhidi ya kizibo cha barafu hadi mota inaungua. Hakikisha bomba lote linajimwaga lenyewe. Kipo pia kiungo chenye matundu kinachofungwa nje karibu na ukuta. Mbele kukiganda, maji hutokea hapo. Yatamwagika karibu na msingi kuliko unavyotaka, lakini yatakuwa nje.

Umeme ukikatika je?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na watu huliuliza baada ya tukio. Upepo unaoleta mvua kubwa ndio huo huo unaoangusha nguzo. Pampu inazimika saa ile ile inapohitajika.

Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii nilikuwa na pampu mpya kabisa, nimeifunga mwenyewe, najivunia. Mvua ilikuja usiku, umeme ukakatika saa tano. Nililala nikisikia mvua na kushukuru. Asubuhi nilishuka gizani na mguu wangu ukakanyaga maji kwenye ngazi ya mwisho. Mapipa mawili niliyokuwa napakia ya kutuma Tanga yalikuwa yanaelea, yamegeuka ubavu: vitenge, viatu vya watoto wa dada, mashine ya kushonea ya mama. Viatu vilikauka. Mashine ilishika kutu ndani. Katikati ya yote hayo pampu ilikuwa imekaa shimoni, nzima, haina kosa lolote.

Tangu hapo simfungii mtu pampu bila kumwambia habari ya akiba. Inayofaa wengi ni pampu ya pili, ndogo, ya volti 12, inayokaa shimoni juu kidogo ya ya kwanza, na boya lake, betri yake na chaja yake. Betri iwe ya kuvumilia kutumika hadi chini, kama zile za boti. Ya gari haifai. Imetengenezwa kwa kishindo cha kuwasha injini, si kwa kazi ya saa nyingi. Hesabu kuibadilisha kila miaka 3 hadi 5. Kama ni ya kuongezwa maji, ongeza maji yaliyotoneshwa, na iwe mbali na moto wa hita ya gesi, kwa sababu ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Ipo pia pampu inayoendeshwa na presha ya maji ya mji, bila umeme wowote. Ni nzuri, haina betri ya kuchoka, ila bili ya maji utaiona, na baadhi ya miji haiiruhusu au inataka kifaa maalumu cha kuzuia maji machafu yasirudi kwenye bomba la kunywa. Mwenye kisima asahau: umeme wa kisima umekatika pia.

Jenereta sawa, lakini ikae nje, futi 20 mbali na nyumba. Usiiwashe besimenti wala gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa dhoruba inaua watu.

Pampu inanguruma lakini maji hayatoki. Au haizimi kabisa.

Chomoa kwanza, ndipo uingize mkono. Ikinguruma bila kutoa: kokoto imekwama kwenye panga la chini linalosukuma maji, vali imefungwa kichwa chini, lile tundu dogo halipo au limeziba, au bomba la nje limeganda. Isipozima: boya limenasa, au vali imekufa na maji yanarudi yote. Kama kila kitu ni kizima na bado inafanya kazi hata wakati wa kiangazi, chunguza kama kuna bomba la maji la mji linalovuja chini ya ua. Maji mekundu yenye utelezi kama uji ni bakteria wa chuma. Hawadhuru ila huziba pampu, kwa hiyo safisha mara nyingi zaidi.

Isipowaka kabisa, tazama soketi kabla ya kulaumu pampu. Kanuni za umeme za miaka ya karibuni zinataka besimenti iwe na soketi inayojikata yenyewe ikihisi hitilafu, ile yenye vitufe viwili. Ni salama, lakini ikijikata hakuna anayejua hadi zulia lilowe. Pampu iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la brekha, wala usitumie waya wa kurefusha.

Niikague mara ngapi?

Kila baada ya miezi mitatu, na lazima Machi inapoanza. Chukua ndoo, mimina maji shimoni taratibu mpaka boya lipande. Iwake, itoe, izime. Toka nje uone kweli yanatoka. Kisha chomoa ile kubwa ujaribu ya betri. Mara moja kwa mwaka itoe, osha tope. Wastani wa maisha yake ni miaka 7 hadi 10. Mimi ikifika 8 naibadilisha nikiwa na nafasi, mchana, duka likiwa wazi.

Je, ni kweli shimo linaingiza gesi ndani ya nyumba?

Radoni, ndiyo. Hutoka ardhini na ni chanzo cha saratani ya mapafu. Funika shimo kwa mfuniko wenye mpira, uzibe pembeni mwa mabomba, kisha pima nyumba. Kipimo cha kujipimia ni rahisi. Shirika la mazingira la serikali kuu linashauri kuchukua hatua ikifika pikokyuri 4 kwa lita.

Bima italipa?

Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi hailipi maji yaliyofurika kutoka shimo la pampu. Kuna nyongeza ya kununua kwa ajili hiyo. Mpigie wakala, uliza kwa maneno hayo hayo, na akujibu kwa maandishi. Mafuriko ya mto ni bima nyingine kabisa. Ile ya mpango wa taifa kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, na vitu vilivyo besimenti haivijali sana.

Maji yameshajaa. Nishuke?

Kama yamefikia soketi, boksi la brekha au mashine yoyote iliyochomekwa, usitie mguu. Pigia kampuni ya umeme wakate kutoka nje. Freza na samaki wake vitasubiri.

Tunakwenda nyumbani Desemba, wiki sita. Nizime umeme wote?

Najua ulivyolelewa: ukisafiri, unazima swichi kubwa. Huku usifanye hivyo. Zima unachotaka, lakini brekha ya pampu uibandike karatasi yenye herufi kubwa: USIZIME. Nyumba ibaki na joto kidogo mabomba yasigande. Nunua king'ora cha maji kinachotuma ujumbe kwenye simu. Dola chache tu. Na simu peke yake haitoshi, kwa kuwa wewe uko Korogwe na maji yako Ohio. Mwachie ufunguo jirani, na kabla ya kuondoka shuka naye chini umwonyeshe: shimo hili hapa, soketi hii hapa, ukibonyeza hapa inarudi. Mpe ndoo ajaribu mwenyewe mbele yako. Mimi nilimfundisha mzee wa upande wa pili wa barabara. Majira ya joto ya Ohio, tulipokuwa kwa mama, alinipigia video, saa tatu asubuhi Tanga, huko kwake saa nane ya usiku, amevaa buti na tochi kichwani. Soketi ilikuwa imejikata. Akabonyeza, na mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai nikaisikia pampu inawaka.